Siku Yuliana Binti Severin Alipoinua Mkono

Tulieni, enyi mliokaa na mliosimama, enyi mnaosubiri basi na mnaosubiri viza, enyi mliokuja kutafuta kazi na nyinyi ambao babu zenu walishukia hapa zamani mpaka wajukuu wakaitwa wenyeji. Tieni simu mfukoni, tegeni masikio, kwani habari hii si ya kusikilizwa kwa nusu ya kichwa. Hii ni habari ya vita vya kwapa. Ni habari ya Yuliana binti Severin, mzaliwa wa Same, mpokea wagonjwa wa kliniki ya meno ya Oud Metha, Mshika-Sindano asiyejua kurudi nyuma, jinsi alivyoshindwa mbele ya watu, akajificha, akajipanga, akakosea, akakosea tena kwa bidii kubwa zaidi, na hatimaye, katika jiji la Dubai, majira ya baridi ya mwaka elfu mbili na kumi na nne, akainua mkono wake wa kulia juu ya kichwa, na nguo yake isichanike.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na hapana zaidi. Lakini walioyaona kwa macho yao hawajayasahau.

Yuliana alikuwa mwanamke wa makamo ya ujana, mpole wa sauti, mkaidi wa ndani, aliyerithi kwa baba yake Severin, mwashi mashuhuri, mabega mawili mapana yaliyonyooka kama boriti ya juu ya mlango. Kwa mabega hayo alibeba ndoo utotoni, na kwa mabega hayo alipita katika milango ya ndege akaja Ghuba. Hakuwahi kuyafikiria sana. Mtu hafikirii mabega yake mpaka mwingine ayataje.

Mapenzi yaliyombadilisha yalimpata akiwa kazini, adhuhuri moja isiyo na wagonjwa, alipofungua gazeti la picha lililosahauliwa kwenye viti vya kusubiria. Humo aliona bibi wa Kiingereza wa miaka mia mbili iliyopita, amesimama dirishani, ameshika pazia kwa mkono ulioinuliwa. Hizo zilikuwa zama ambazo mfalme wa Uingereza aliugua akili, mwanawe akatawala kwa niaba yake, na wanawake wa nchi ile, kana kwamba wameambiana, wakapandisha viuno vya nguo zao mpaka chini ya matiti, wakaacha sketi zianguke moja kwa moja hadi miguuni, wakashona mikono mifupi iliyofura kama maandazi, na yote hayo kwa melimeli nyeupe, nyepesi kama mvuke wa chai. Yuliana aliitazama picha ile mpaka daktari akamwita mara ya pili. Hakuutazama uso wa yule bibi wala vito vyake. Alitazama mkono ulioinuliwa, akajiuliza swali ambalo ndilo chanzo cha tarehe hii yote: mbona nguo haikupanda na mkono?

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi asiye na shule. Wenzake kwenye metro walifungua simu kutafuta wachumba. Yeye alitafuta mishono. Alijua nguo za kale zilizohifadhiwa katika majumba ya makumbusho, zikiwa zimepigwa picha mbele, nyuma na ndani. Alijua kwamba melimeli zile zilisafiri kutoka Bengali, na kwamba waungwana wa London walizivaa kwenye baridi kali wakapata mafua na wasizivue. Akajifunza kushona kwa mkono, kwa sababu katika zama zile cherehani haikuwapo, na Yuliana hakutaka ushindi wa kuazima.

Aliishi Satwa, chumba kimoja na Jecinta, Mkenya wa Machakos, mtandika vitanda katika hoteli ya Deira, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa kuliko maneno hayo. Hawa wawili walilingana vifua na walilingana mabega, na kwa kuwa mtu hawezi kujipima mgongo wake mwenyewe, Jecinta aliteuliwa, bila kura kupigwa, kuwa mwili wa pili wa Yuliana. Yeye ndiye aliyesimama. Yeye ndiye aliyechomwa pini.

Sasa, palikuwapo katika jiji hilo chama cha wanawake wapenzi wa mavazi ya kale, waliokutana siku za Ijumaa katika ukumbi wa ghorofani hapo Oud Metha. Kiongozi wao aliitwa Maha, mwanamke wa Beirut, mwalimu wa ubunifu wa mavazi, mwembamba kama mshumaa na mkarimu kupita kiasi. Kila majira ya baridi chama kilifanya dansi za zama zile, na katika dansi hizo wachezaji wawili wawili huinua mikono wakaishikanisha, wakafanya tao kama la mlangoni, na wengine hupita chini yake.

Yuliana alikwenda mara ya kwanza mwaka uliotangulia. Alikuwa hajaiva bado katika sindano, akampelekea fundi wa mashati kitambaa na picha, na fundi akashona alichokijua. Nguo ilipendeza kabisa, maadamu mwenye nguo ametulia. Kisha kinanda kikalia, mistari ikapangwa, zamu ya tao ikafika, na Yuliana akainua mkono.

Sauti iliyotoka kwapani mwake ilisikika juu ya kinanda. Mpiga kinanda mwenyewe aligeuka. Kutoka ubavuni mpaka mgongoni nguo ilifunguka, na upepo wa kiyoyozi ukaingia pasipostahili, na wale waliokuwa chini ya tao wakainamisha vichwa zaidi ya inavyohitajika, kwa adabu. Ni Maha aliyekimbia na shali, akamfunika, akamkalisha pembeni, akamwambia kwa Kiingereza chake laini:

“Habibti, usijali hata kidogo. Wanawake wa zama zile walikuwa wadogo. Hawakuwa na miili kama yetu.”

Kama yetu! Yuliana aliyatazama mabega ya Maha, yaliyoweza kupita kwenye bangili, kisha akayatazama yake. Akasema asante. Akaenda nyumbani amejifunga shali, na neno lile akaenda nalo, na kwa mwaka mzima hakulitua.

Hapa ndipo kosa kubwa lilipozaliwa. Kwa maana Maha, aliyekuwa na elimu yake kamili, aliwafundisha wanachama wote mwaka ule jinsi ya kukata nguo zile kwa usahihi. Akasimama mbele yao na chaki, akasema: mgongo ukateni mwembamba, hata mkiona ni wa mtoto, na kwapa, yaani lile tundu ambamo mkono hushonewa, likateni dogo, lipandisheni juu, liikaribie ngozi. Wenzake waliitikia. Yuliana alisikia “mwembamba”, akasikia “dogo”, na moyoni akasema: hayo ni ya walioumbwa hivyo. Mimi wa ukoo wa Severin nitajipanulia.

Akapanua. Alinunua melimeli katika duka la Satwa, akakata kifua cha gauni kipana na kwapa pana, akashikiza, akamvika Jecinta, akamwamuru ainue mkono. Nguo yote ikapanda na mkono ule, mshono wa chini ya matiti ukaja juu ya matiti, na pini zikaruka kama risasi. Yuliana akatafakari kama jemedari aliyerudishwa kutoka kwenye lango la ngome, akahitimisha kwamba tundu bado ni dogo. Akachukua mkasi, akalichimba zaidi. Hali ikawa mbaya zaidi. Akachimba tena.

“Yuliana,” akanena Jecinta katikati ya mashambulizi hayo, amesimama baina ya vitanda viwili, mikono hewani, “hebu niambie ukweli. Hii nguo inashonwa ama inaliwa?”

“Geuka.”

“Nimesimama hapa kama mti wa stima. Wiki ijayo naenda nyumbani, na ningependa kwenda na kwapa zote mbili.”

Yuliana akaokota pini sakafuni. Jambo hilo la kwenda nyumbani ndilo ambalo hakulijibu kamwe. Mkataba wa Jecinta ulikuwa umekwisha, naye hakutaka mwingine. Alikuwa na mpango wa kufungua saluni Machakos, na tiketi yake ilikuwa ya Jumamosi, siku inayofuata dansi. Kila Jecinta alipolivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, Yuliana aliulizia pini. Kila alipoanza kusema, “Nikishafika, wewe utabaki na nani hapa,” Yuliana alikumbuka kwamba pasi imepata moto. Vita vya kwapa vilikuwa vikali, lakini vilikuwa vita alivyovichagua.

Ijumaa ile, wiki moja kabla ya dansi, jua likiwa kali hata kwa majira ya baridi, Yuliana alikiri kwamba tundu limekuwa kubwa mno. Akataka kujua limekuwa kubwa kiasi gani, basi akachukua vipande vilivyobaki, akavishikiza chini ya kwapa la Jecinta kwa pini, akavikaza mpaka vikagusa ngozi, mpaka tundu likawa dogo kama alivyofundisha Maha. Hakufanya hivyo kwa imani. Alifanya kwa hasira, kama mtu anayetandika kitanda alicholalia vibaya.

“Moto,” akasema Jecinta. “Aki hii chumba ni moto.” Na kwa kuwa rimoti ya kiyoyozi ilikwisha betri tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na kitufe chake kilikuwa juu ukutani, Jecinta akasogea, akanyoosha mkono wake wote mpaka ncha za vidole, akabonyeza.

Yuliana aliacha mdomo wazi.

“Simama hapo hapo,” akasema.

“Nini? Nimeibomoa?”

“Usiteremshe. Sasa teremsha. Sasa inua tena.”

Jecinta akainua. Mkono ulikwenda juu peke yake, kama mgeni anayeondoka bila kuaga. Kifua cha gauni hakikutikisika. Mshono wa chini ya matiti ulikaa mahali pake kana kwamba umegandishwa. Yuliana akachomoa pini upande ule: “Inua.” Nguo yote ikapanda. Akazirudisha: “Inua.” Nguo ikatulia.

“Mungu wangu,” akasema Yuliana. Akakaa juu ya kitanda, juu ya mkasi, akasimama, akakaa tena.

Naye akaona kile alichokuwa anakikataa mwaka mzima. Tundu kubwa huanzia chini, ubavuni. Kwa hiyo mkono ukiinuka hauna budi kuivuta nguo nzima na kuipandisha nayo. Tundu dogo hukaa juu kabisa, kwenye shina la mkono, na hapo mkono hugeuka wenyewe bila kumsumbua mtu. Yule bibi wa dirishani hakuwa mwembamba zaidi yake. Alikuwa na fundi aliyejua pa kukata.

“Jecinta,” akasema polepole, “si mabega yangu.”

“Nani amesema ni mabega yako?”

“Watu.”

“Hao watu,” akanena Jecinta, akashusha mkono na kuuweka kiunoni, na hapo akatoa hotuba ambayo ingestahili uwanja mpana zaidi, “hao watu hawajawahi kubebewa sofa na hayo mabega mpaka ghorofa ya tatu lifti ikiwa imeharibika. Mimi nilibebewa. Hayo mabega hayajakosea mtu yeyote. Wewe ndiwe umeyatandika makosa juu yake kama shuka. Sasa kata hiyo kitu vile mwalimu alisema, ama niondoke leo.”

Lakini palikuwa na maafa. Kifua cha gauni kilikuwa kimetafunwa na mkasi kiasi kwamba hakikufaa tena hata kupangusia meza. Sketi ilibaki nzima. Kifua na mikono ilihitaji kitambaa kipya. Yuliana akashuka mbio mpaka dukani. Mwenye duka akafungua mikono yake mitupu: “Khalas, dada. Jora limekwisha. Mwezi ujao, inshallah.” Akazunguka Satwa yote. Palikuwa na satini, palikuwa na hariri ya uongo, palikuwa na kitambaa cha mashuka na cha mapazia. Melimeli haikuwapo. Yuliana akarudi bila kitu, na usiku ule hata Jecinta hakumtania.

Siku ya Jumapili kliniki ilipofunguliwa, wa kwanza kuingia alikuwa Bi Masuda. Bi Masuda, enyi wasikilizaji, alikuwa bibi wa Kizanzibari aliyeishi Deira tangu ujana wake, mjane mwenye heshima na meno ya bandia yasiyokubali kutulia. Na ingawa Kiarabu alikijua kama sebule yake, aligoma kuzungumza na daktari kwa lugha yoyote ila Kiswahili, kwa kinywa cha Yuliana.

“Shikamoo, Bi Masuda.”

“Marahaba, mwanangu. Uso huo vipi? Kafa nani?”

“Hakuna aliyekufa, Bi. Nimekosa melimeli.”

Bi Masuda akatoa meno, akayaweka ndani ya leso, ili apate kustaajabu vizuri. “Melimeli! Wallahi neno hilo sijalisikia siku nyingi. Siku hizi watu wote kotoni, kotoni. Waitakia nini?”

Yuliana akamwonyesha picha kwenye simu. Bi Masuda akavaa miwani, akaisogeza picha mbali, akaileta karibu.

“Huyu kavaa nguo ya kulalia.”

“Ndiyo mtindo wao, Bi. Wa kutokea.”

“Katoka na nguo ya kulalia. Na kiuno chake ki wapi?”

“Kimepanda.”

“Kimepandia wapi?”

“Hapa, chini ya kifua.”

“Astaghfirullah,” akasema Bi Masuda, kwa sauti ya mtu aliyependezwa. Akairudisha simu. “Njoo kwangu leo ukitoka kazini.”

Jioni ile Yuliana alipanda metro mpaka Deira. Bi Masuda akampokea kwa kahawa na halua, akamwulizia baba, mama na kila aliyebaki Same, kisha akamwongoza chumbani, akafungua sanduku la mbao, na harufu ya udi ikainuka ikajaa chumba. Kutoka chini ya kanga ambazo hazijafuliwa wala kuvaliwa akatoa kitambaa kilichokunjwa mraba. Alipokikunjua, mwanga wa dirishani ulipita ndani yake. Melimeli, nyeupe ya maziwa, laini, isiyo na doa.

“Hii,” akasema Bi Masuda, “niliinunua iwe sanda yangu.”

Yuliana akarudisha mkono wake nyuma.

“Sikiliza kwanza. Niliinunua mimi mwenyewe, nikachagua nzuri, maana kitu cha mwisho hicho. Wakaja dada zangu, wakaishika, wakaangalia vidole vyao kwa ndani yake. Wakaniambia, Masuda, hii nyepesi, utaonekana. Basi n’kaona aibu, na bado niko hai! N’kanunua bafta, nzito, ndiyo ile pale juu. Hii imekaa tu. Kwa maiti ni nyepesi. Kwa mtu mzima mwenye roho yake sijui. We vaa kitu ndani.”

“Bi Masuda, siwezi. Kitambaa cha maziko, mimi nikachezee dansi? Tena mimi Mkristo?”

“Hakijafika kaburini, mwanangu. Kimefika sandukuni tu.” Akakikunja tena, akakipigapiga kikae sawa, akamwekea mikononi. “Mimi nimepata nyingine, na wala sina haraka nayo. Chukua, usinichoshe.”

Hivyo ndivyo Yuliana alivyorudi Satwa na silaha ambayo hakuna fundi wa London aliyewahi kuipata. Alipoiweka kando ya sketi, Jecinta akainamisha kichwa. “Juu ni maziwa, chini ni chumvi,” akasema. “Lakini nani atauliza?”

Jumatatu jioni vita vya mwisho vikaanza. Yuliana akavaa kastabani ya chuma kidoleni, ngao ndogo kuliko zote duniani, akatandaza melimeli mezani, akachora mgongo mwembamba na kwapa dogo kwa chaki kama alivyofundishwa. Kisha akashika mkasi, na mkasi ukasimama. Kwa maana ni jambo moja kulielewa kwapa, na ni jambo jingine kulikata dogo juu ya kitambaa kisicho na ndugu, huku ndani ya kichwa sauti laini ikirudia, kama yetu, kama yetu. Chaki ilionekana kuchora nguo ya mwanasesere. Mabega yake yote yalimwambia apanue kidogo tu. Nusu ya kidole. Nani angejua?

“Unangoja nini?” akauliza Jecinta, aliyekuwa anakunja sweta karibu na sanduku.

“Naogopa,” akasema Yuliana.

Jecinta akaiacha sweta. Akaja, akasimama kando ya meza, akashika pembe mbili za kitambaa, akakikaza. Hakusema neno, na hilo peke yake lilikuwa tukio la kuandikwa. Yuliana akakata.

Wiki ile alishona kliniki wakati wa chakula, alishona kwenye metro hadi mwanamke wa kiti cha jirani akasogea, alishona mpaka vidole vikasahau kwamba ni vidole. Wingi wa kitambaa cha mkono aliukusanya kwa marinda madogo upande wa nyuma, si juu ya bega, ili mkono ukienda mbele upate pa kutokea. Alipomvika Jecinta mara ya mwisho, Jecinta akainua mkono, akauzungusha, akajikuna mgongo, akapiga ngumi hewani. “Sasa hii,” akasema, “hata kuni naweza kupasua nayo.”

Ijumaa ikafika. Wakapanda gari la wanawake la metro, Yuliana ndani ya gauni lake jeupe na shali, Jecinta ndani ya gauni lake la kanisani, maana wageni waliruhusiwa kuja walivyo. Mama mmoja wa Kihindi aliuliza bwana harusi yuko wapi. Gari lilijaa, mipini ya juu ilikuwa wazi, lakini Yuliana alijishikilia kwenye nguzo, kiwiko kimebanwa ubavuni. Mkono wa kulia ulikuwa umewekwa akiba.

Ukumbini walikuwapo wote wa mwaka uliopita. Walimkumbuka, ilionekana kwa jinsi walivyomsalimia kwa upole uliozidi. Maha alimbusu mashavu mawili, na Yuliana akaona shali tayari mkononi mwake, imekunjwa, imeandaliwa kwa huruma. Hilo lilimwuma kuliko kicheko.

Kinanda kikaanza. Mistari miwili ikapangwa, na kwa kuwa wanaume walikuwa haba, kama katika zama zile za vita vya Wafaransa, wanawake walicheza na wanawake. Yuliana alisimama kumkabili Jecinta, ambaye hatua alizijifunza kwa wiki moja na alizicheza kama mtu anayevuka barabara. Mbele, nyuma, zunguka, badilisha. Zamu ya tao ikashuka mstari ikija kwao kama wimbi, wawili baada ya wawili, mikono ikipanda na kushuka. Mwanamke aliyekuwa jirani alirudi nyuma kidogo, kumpa nafasi ya kuchanika.

“Sasa,” akasema Jecinta.

Na Yuliana binti Severin akainua mkono. Aliuinua kutoka begani, bega lote pana la ukoo wake, akaunyoosha mpaka kiwiko kikapita sikio, akashika vidole vya Jecinta huko juu, na akangoja sauti.

Hakikusikika kitu. Marinda ya nyuma yalifunguka kidogo na kutulia. Mshono wa chini ya kifua haukuhama. Melimeli ambayo maiti walinyimwa ilimkaa mtu mzima bila kosa, na chini ya tao lile watu wakaanza kupita: wa kwanza akiwa ameinama kwa mashaka, wa pili akiwa ameinua macho, wa tatu akitazama kwapa waziwazi bila haya yoyote.

Dansi iliposimama kwa mapumziko, Maha alikuja. Shali alikuwa ameiacha kitini.

“Inua tena,” akasema.

Yuliana akainua. Maha akazunguka nyuma, akagusa mshono kwa kidole.

“Umekata dogo.”

“Nimekata kama ulivyofundisha.”

“Na mabega?”

“Mabega ni yale yale.”

Uso wa Maha ukapata rangi, kwani hakuwa mtu mbaya, na watu wema hukumbuka walichokisema. “Mabega ni yale yale,” akarudia, kwanza kwa sauti ya chini, kisha akawageukia wengine akalisema tena kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, na wanawake wa chama kile wakapanga mstari, mmoja baada ya mwingine, kuja kutazama ndani ya kwapa la binti Severin kama watu wanaotazama mji uliotekwa. Jecinta akasimama kando, akielekeza. “Pole pole,” akawaambia. “Msisukumane. Kwapa ni moja.”

Kisha ikapigwa dansi ya mwisho. Tao likafika tena, mikono ikapanda tena, na mara hii Yuliana hakungoja sauti yoyote. Alimtazama Jecinta.

“Saa ngapi kesho?” akauliza.

“Asubuhi,” akasema Jecinta. “Nilidhani hutaniuliza.”

“Nitakuja uwanja wa ndege.”

“Na hiyo nguo?”

“Na nguo yoyote. Jecinta, mimi sijui nitakaa vipi na kile chumba.”

“Utatafuta mtu wa mabega kama yako,” akasema Jecinta. “Si wengi. Utatafuta.”

Watu wakapita chini yao, wote, mpaka mstari ukaisha. Mpiga kinanda akabonyeza sauti ya mwisho, akafunga kinanda. Wachezaji wakainamiana kichwa, wakasambaa kwenda kutafuta maji. Na katikati ya ukumbi, muziki ukiwa umekwisha na hakuna wa kupita tena, mikono miwili ilikuwa bado juu.

Basi nyinyi mnaoandika tarehe za miji, mnaohesabu minara iliyoinuka Dubai miaka ile na kutaja nani aliinua upi na kwa urefu gani, andikeni na hili, kwa herufi ndogo mkipenda: kwamba Ijumaa moja ya majira ya baridi, hapo Oud Metha ghorofani, mkono wa Yuliana binti Severin wa Same uliinuka mpaka mwisho wake, ukakaa juu muda uliotaka wenyewe, na hakuna uzi hata mmoja uliokatika.